Choo Kilichomshinda Mama Kapinga

Sudi Amisi hakuwa na digrii. Hakuwa na gari, wala baiskeli tangu ile ya mwisho ilipoibwa mlangoni pa soko. Hakuwa na jino moja la mbele, upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo alizoea kucheka huku amefumba mdomo. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kalamu tatu, nyeusi, buluu na nyekundu, na hiyo nyekundu hakumwazima mtu. Hakuwa na mjomba serikalini, hakuwa na shemeji kwenye baraza la kampuni, hakuwa na tai ila moja ya kwendea harusi za watu. Zaidi ya yote, hakuwa na kiti katika chumba cha mikutano. Alipoitwa humo alisimama kando ya kabati la mafaili, na kwa miaka ishirini na sita rangi ya kabati hilo ilikuwa imebanduka mahali lilipokaa bega lake.

Lakini mtu hapimwi kwa alivyokosa peke yake. Sudi alikuwa mwandishi wa mahudhurio katika kiwanda cha nguo za kazi, komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, kiwanda kinachoshona ovaroli za wachimba-migodi. Kila asubuhi alisimama getini na daftari lake akaandika nani amefika na saa ngapi, na dakika tatu za kuchelewa aliziandika kuwa dakika tatu. Jioni, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekaa kwenye madawati ya watoto katika shule ya parokia, yeye Mwislamu, mwana wa watu wa Maniema, chini ya picha za watakatifu, akisoma Kifaransa, hesabu na takwimu. Akiwa na miaka arobaini na tisa alifanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari pamoja na vijana wa rika la wanawe, akapata asilimia hamsini na nane. Cheti alikitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni kwake, mtaani Hewa Bora, juu ya televisheni, ili anayetaka kutazama mpira akitazame cheti kwanza.

Kiwanda kilikuwa na sehemu tatu: ya kukata vitambaa, ya kushona, na ya kutia vifungo. Sehemu ya kushona ilikuwa na watu arobaini na mashine zao, zimepangwa kwa mistari mitano, chini ya Mama Kapinga Ntumba. Huyu alizaliwa papa hapa Lubumbashi kwa wazazi waliotoka Kasai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa na desturi yake ambayo hakuiiga kwa mtu. Kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita huku, alishika chaki akaandika ubaoni mistari ile mitano kwa ubora wa kazi ya wiki: wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mstari wa kwanza ulitoka saa nzima kabla ya wenzao. Mstari wa tano ulibaki ukafagia, na wiki iliyofuata ulikuwa wa mwisho kufika kwenye sufuria ya chakula. Watu walicheka, walinung'unika, wakashona. Kwa miaka kumi na minne ubao ule haukufutwa ila kuandikwa upya.

Basi Jumanne moja mkurugenzi, Bwana Clément, alimwita Sudi. Sudi akaingia, akaenda kusimama kabatini kwake.

"Papa Sudi, andika barua ya kuhamisha muntu. Mama Kapinga, anatoka kwa kushona, anaenda kulinda dépôt yetu ya nguo kule Sakania. Kuanzia lundi, Jumatatu inayokuja."

Sudi alidhani hakusikia vizuri, akauliza sababu. "Mama Kapinga? Juu ya nini, Patron?"

"Juu ya hii." Mkurugenzi aligonga kitabu chembamba cha ripoti, chenye jalada la plastiki. "Enquête imeisha. Ye njo wa mwisho mu kiwanda. Bantu yake yenyewe banamupatia moja na nukta tatu juu ya tano. Baraza inakaa vendredi kule Kolwezi, inataka kuona nimefanya kitu."

"Patron, Mama Kapinga?"

"Chiffre haina ndugu, Papa Sudi. Nambari ni nambari."

Ripoti ile ilikuwa ya Mademoiselle Exaucée, binti msomi aliyeletwa na baraza kuchunguza namna wakubwa wa kiwanda wanavyoongoza watu: nani anasikiliza, nani anatukana, nani anagawa kazi kwa haki. Miezi miwili alikuwa ametembea kati ya mashine na daftari lake, na mwishowe kila mfanyakazi alijaza karatasi ya maswali, kila swali likijibiwa kwa tarakimu, moja hadi tano. Kazi ilionekana safi. Ilikuwa na michoro ya rangi.

"Naomba niisome kwanza," alisema Sudi.

Mkurugenzi akamtazama. "Utaiweza?"

"Ni karatasi, Patron. Karatasi njo kazi yangu."

Akaichukua mpaka kwenye kibanda chake cha getini. Hakuwaza takwimu njiani. Aliwaza David, mume wa Mama Kapinga, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka uliopita. Kila alfajiri mkewe alimwinua, akamwogesha, akamkalisha kitini, ndipo akaja kazini. Sakania iko mbali, kwenye reli ya kwendea Zambia, na mgonjwa yule hakuweza kusafirishwa wala kuachwa. Kumhamishia mama huyu Sakania ilikuwa kumfukuza kazi kwa maneno ya adabu.

Sudi alisoma kama alivyofundishwa jioni zile. Mwalimu wake alikuwa akisema kwamba hitimisho la utafiti ni ukuta uliopakwa rangi. Mnunuzi mwenye akili huinama kwanza akatazama msingi. Akapita mapendekezo bila kuyasoma. Akapita michoro. Akafika kwenye majedwali, akaanza kuteremka na ncha ya kalamu nyekundu, swali kwa swali. Mkubwa wako anakusikiliza? Anagawa kazi kwa haki? Sehemu ya kushona, moja na nukta mbili, moja na nukta nne. Ilikuwa aibu tupu. Kisha akafika swali la kumi na moja, kuhusu usafi na hali ya choo.

Sehemu ya kukata, tatu. Sehemu ya vifungo, mbili na nukta tisa. Sehemu ya kushona, nne na nukta nane.

Kalamu ilisimama.

Choo cha sehemu ya kushona hakikuwa na mlango tangu Januari. Mvua ya upepo iliung'oa, ukapasuka, watu wakauchoma kuni. Badala yake palitundikwa kipande cha kitambaa cha ovaroli kisichofika chini, na aliyeingia ilimbidi aimbe ili wenzake wajue pana mtu. Wenye haya walijizuia mpaka nyumbani. Na hicho ndicho choo ambacho, kwa mujibu wa ukurasa wa thelathini na moja, kiliwaridhisha watu kuliko kitu chochote kiwandani. Kilimshinda hata Mama Kapinga, tena kwa mbali.

Sudi alicheka peke yake, akasahau kufumba mdomo. Tarakimu zile zilikuwa zimesimama kwa vichwa. Watu wa kushona walijibu kama ubao wa siku ya posho: moja ni wa kwanza, tano ndiye anayefagia. Mama Kapinga walimweka wa kwanza na choo wakakiweka cha mwisho. Ile moja na nukta tatu haikuwa aibu, ilikuwa sifa.

Moyo wake ulitulia kwa muda wa kutosha kunywa chai nusu kikombe. Kisha akajiuliza swali ambalo mwanafunzi mzuri hana budi kujiuliza: kwa nini sehemu hiyo tu? Akarudi kwenye sura ya mbinu, ile ambayo wakubwa huiruka, akasoma: "Katika sehemu ya kukata na ya vifungo, mtafiti mwenyewe aligawa karatasi na kusoma maelezo kwa sauti. Katika sehemu ya kushona, mtafiti akiwa safarini Mokambo, karatasi ziligawiwa na mwandishi wa mahudhurio, ambaye alisoma maelezo hayo na kutia sahihi."

Mwandishi wa mahudhurio. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, kama mtu aliyekuta jina lake kwenye tangazo la msiba.

Aliikumbuka siku ile. Lori la kwenda Mokambo lilikuwa linanguruma, na Mademoiselle Exaucée, mguu mmoja tayari juu, alimpa bahasha na karatasi moja ya maelezo. "Papa Sudi, uwasomee hii kwanza, neno kwa neno." Naye aliitia mfukoni. Mtu aliyefaulu mtihani wa Serikali asome karatasi mbele ya washonaji, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza? Aligawa tu. Mshonaji mmoja aitwaye Mimi, wa mstari wa pili, akauliza, "Papa Sudi, hii moja mupaka tano ni ya nini?" Na yeye alijibu kwa ile sauti yake ya kumjua kila mtu, "Mimi, hujue moja mupaka tano? Kila siku ya posho banakuandikia."

Koti lake lilikuwa nyuma ya mlango wa kibanda. Alitia mkono kwenye mfuko wa ndani. Karatasi ilikuwamo bado, imekunjwa mara nne. "Alama ya 5 ni nzuri sana, alama ya 1 ni mbaya sana. Isomwe kwa sauti kabla ya kujaza."

Hakuna aliyejua. Angeweza kuonyesha choo, akanyamaza kuhusu mfuko. Lakini choo bila mfuko kilikuwa mzaha tu. Baraza lingesema watu wa kushona ni wajinga, au walikuwa wakifanya utani, na barua ya Sakania ingetoka vilevile. Kilichogeuza tarakimu kilikuwa kinywa chake, na bila kinywa hicho hapakuwa na ushahidi. Alikuwa bado ameishika karatasi ile mtu alipogonga kioo cha dirisha.

"Papa Sudi, banasema uko naandika barua yangu. Andika na herufi muzuri. Nisifike Sakania na maandiko ya kuku."

Alikuwa Mama Kapinga, chaki bado vidoleni.

"Nani alikuambia?"

"Hapa kuko mashine arobaini na midomo mia. Sasa juu ya nini hauandike? Kalamu imekauka? Uko na kalamu tatu, Papa Sudi, na dini yako inakuruhusu hata ya ine."

"Na weye, muntu wa Kasai mwenye biashara mu damu, tukikutuma Sakania utauzisha reli yote mbele Noël haijafika."

Mama Kapinga alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akashika nondo za dirisha.

"David nitamuachia nani?" alisema polepole. "Lakini hata ile, Mungu ataona. Kitu inaniuma ni ingine. Bantu yangu yenyewe, Papa Sudi. Miaka kumi na ine. Nilikuwa nafikiri banacheka na miye. Kumbe moja na nukta tatu."

Sudi akaona njia moja tu. "Mama Kapinga, mbele haujaanza kulia. Choo yenu, mu hii tano, ungeiweka ya ngapi?"

"Choo? Ya tano. Na kama kungekuwa ya kumi, ya kumi."

"Rudia ku kazi," alisema Sudi. "Na usifunge chaki yako mu kikapo."

Alimpigia simu Mademoiselle Exaucée, naye akafika Jumatano asubuhi, miwani puani na begi la kompyuta begani, si kwa furaha. Sudi alimpa kiti pekee cha kibanda, akamweleza kwamba tarakimu za kushona zimepinduka.

"Papa Sudi, kwa heshima," alisema, "méthode yangu iliangaliwa na professeur tatu."

"Na choo iliangaliwa na professeur ngapi?"

Akamfungulia ukurasa wa thelathini na moja. Binti alisoma, akainua mabega: wafanyakazi wameridhika, si jambo la ajabu. Sudi hakubishana. Alimwomba tu avuke uwanja akaone kwa macho. Kutoka getini alimwona akifika kwenye kile kitambaa, akasimama ghafla, kwa sababu ndani palikuwa na mtu aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisa, ubeti wa pili, na viatu vyake vilionekana. Exaucée alirudi akitembea polepole kuliko alivyokwenda.

"Ine na nukta munane," alisema, akakaa.

Hapo Sudi akaweka karatasi iliyokunjwa mara nne juu ya meza.

"Hii ilibakia mu mufuko yangu. Sikuisoma."

Binti aliitambua. Uso wake ukabadilika. "Papa, ulisaini. Uliandika kama uliisoma."

"Niliandika."

"Juu ya nini?"

"Kiburi. Tangu jana natafuta sababu ingine ya kukuambia, sijaipata."

Exaucée alikuwa na haki ya kusema mengi, na machache aliyasema. Jina lake lilikuwa kwenye jalada lile, si la Sudi. Sudi alisimama akayapokea, na kwa mara ya kwanza alijua inavyokuwa kwa wale ambao yeye huwaandikia dakika tatu. Binti alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Na miye," alisema kwa sauti iliyoshuka. "Inapashwa kujaribu kwanza na bantu tano, kuona kama banasikia maulizo. Sikujaribu. Na alama zingekuwa juu ya kila karatasi, si juu ya kadi moja mu mufuko wa muntu. Ile lori ya Mokambo ilikuwa inangojea, na miye nilikuwa na haraka." Akavaa miwani tena. "Bon. Si tunageuza tu? Moja inakuwa tano, tano inakuwa moja. Saa moja, imeisha."

"Hapana, Mademoiselle."

"Hapana?"

"Kama watu watatu walielewa vizuri wenyewe, tukigeuza tunawafanya waongo. Hatuwajui ni nani. Kosa la kwanza tulilifanya bila kujua. Hili tutalifanya macho yakiwa wazi." Alipozungumza mambo ya shule, Sudi aliacha Kiswahili cha mtaani. "Waulizwe upya."

Exaucée akachukua kalamu, akaandika hayo daftarini mwake.

Wakakubaliana namna. Mbele ya watu hapatakuwa na tarakimu; hizo Exaucée angezihesabu mwenyewe baadaye. Sehemu ya vifungo ilitoa vifungo, na jikoni yalipatikana makopo matano ya maziwa, kila kopo likabandikwa maneno: mubaya sana, mubaya, katikati, muzuri, muzuri sana. Makopo yaliwekwa nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa ni kile kitambaa cha choo, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Exaucée angeuliza swali kwa sauti, watu wangelirudia kwa maneno yao wenyewe mpaka aridhike kwamba wamelielewa, kisha mmoja mmoja angepita nyuma ya pazia na kifungo chake. Mama Kapinga asiwepo. Sudi naye asiwepo. Hilo alilisema yeye mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatano alasiri wazee hawa wawili walikaa kwenye benchi la getini, na mfuko wa karanga kati yao ambao hakuna aliyeugusa. Sudi alifikiri juu ya jambo ambalo tangu jana hakulipa nafasi. Yeye aliamini kwamba ile moja ilikuwa sifa. Lakini kuamini si kupima. Na kama vifungo vingeanguka kwenye kopo baya, angekuwa amemwaibisha mama huyu mara mbili. Akaona afadhali aseme lake kabla ya majibu, maana baada ya majibu lingekuwa rahisi mno.

"Mama Kapinga, ile karatasi ya kusoma, miye njo sikuisoma." Akamweleza yote, mpaka swali la yule mshonaji Mimi na jibu alilompa.

Mama Kapinga alitazama barabarani. Lori la saruji lilipita, vumbi likapanda, likashuka.

"Papa Sudi. Mwaka ile David alianguka, nilichelewa dakika ine. Uliandika ine."

"Niliandika."

"Na weye karatasi moja kidogo, mistari miwili, ilikushinda kufungua."

"Ilinishinda."

"Leo njo nasikia muzuri," alisema, akachukua karanga. "Nilikuwa nafikiri Mungu alikuumba na saa mu kifua. Kumbe uko muntu." Akatafuna. "Nitakusamehe nikijua naenda wapi. Kama ni Sakania, nitakulaani njia yote, kila gare treni itasimama."

Exaucée alitoka saa kumi kasorobo. Alikuja na daftari kifuani, na usoni mwake hapakusomeka kitu, kwa sababu wasomi hufundishwa hivyo.

"Mama Kapinga," alisema, "kwa maulizo yote ya uongozi uko na ine na nukta tatu."

Mama Kapinga alimgeukia Sudi. Hakuwa na hakika tena nambari ipi inapanda na ipi inashuka.

"Juu ya tano," alisema Sudi haraka. "Na tano njo muzuri. Iko muzuri, Mama. Iko muzuri sana."

Mama Kapinga akafunika uso kwa kitenge. Mabega yalitikisika, na Sudi alitazama upande wa barabara mpaka yalipotulia, akahesabu magari, akapoteza hesabu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kitu kizito kilikuwa kinamshuka mgongoni pole pole, kama mtu anayesaidiwa kutua gunia.

"Lakini," alisema Exaucée, "juu ya haki kuko vifungo munane mu kopo ya mubaya."

"Munane?" Kitenge kilishuka. "Ile ni mustari wa tano. Najua hata majina."

"Sijue majina, na sitaki. Lakini nilitembea pale. Mashine ya mustari wa tano ni ya zamani kuliko zote. Wiki ngapi wanafagia?"

Mama Kapinga akafikiri. "Tangu Pasaka," alikubali. "Basi nitachanganya mashine. Na choo?"

"Vifungo makumi tatu na munane, mubaya sana."

"Watu ni arobaini. Wale wawili wanaipenda?"

"Vifungo viwili vilipotea," alisema Exaucée. "Nafikiri viko juu ya shati ya muntu."

Alhamisi asubuhi wote watatu waliingia kwa mkurugenzi. Exaucée alieleza kwa Kifaransa, kwa mpangilio, bila kujificha: kilichopimwa, kilivyopimwa vibaya, kilivyopimwa upya. Alikiri kwamba hakujaribu maswali yake. Bwana Clément alisikiliza, akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Exaucée alipofika kwenye habari za choo, mkurugenzi alikohoa, kwa sababu maombi ya mlango yalikuwa mezani kwake tangu Februari.

"Na nani aligawa karatasi bila kueleza?"

Exaucée alifungua mdomo, lakini Sudi alikuwa ameshaliacha kabati. Hatua tatu zilimfikisha katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Miye, Patron. Maelezo niliyaweka mu mufuko, na nilisaini kama niliyasoma."

Sudi alikuwa na miezi mitano tu kabla ya kustaafu, na wote mle ndani walilijua hilo.

"Papa Sudi," alisema mkurugenzi, "ungenyamaza, ningejua?"

"Hapana."

Bwana Clément aliweka kalamu chini. "Nitakuandikia onyo. Itaingia mu dossier yako. Haiwezekane kuacha." Akatazama huku na huku, akavuta kiti cha ukutani kwa mguu. "Kaa, sasa. Barua ya Kolwezi ni ndefu, na unaijua vizuri kuliko miye."

Kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Sudi alikikalia kwa uangalifu, kama mtu anayepanda farasi wa mwenzake. Onyo aliliandika kwanza, kwa kuwa ndilo lililotajwa kwanza. Alisahihisha makosa mawili ya Kifaransa katika maneno ya mkurugenzi, akalipeleka mwenyewe kwenye kabati, akalifaili chini ya herufi A, ya Amisi. Ndipo akarudi mezani kuandika ile nyingine. Ilieleza kwamba matokeo ya sehemu ya kushona yanaondolewa; kwamba sababu si ujinga wa wafanyakazi bali uzembe wa waliowauliza, wa kwanza mtafiti aliyekuwa na haraka, wa pili mwandishi wa mahudhurio Sudi Amisi; kwamba wameulizwa upya kwa namna iliyoelezwa kwenye kiambatisho; na kwamba Mama Kapinga Ntumba anabaki mahali pake. Mstari wa mwisho uliomba mlango mmoja wa choo, wa mbao. Mkurugenzi, Exaucée na Sudi wakatia sahihi, ukapigwa mhuri wa wino, maana baraza la Kolwezi halikuamini karatasi iliyopita kwenye simu.

Bahasha ya kiwanda ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Exaucée alitafuta kwenye begi, Bwana Clément akafungua droo zote. Hapakuwa na gundi. Basi la Kolwezi lilikuwa linaondoka saa saba, na baraza lilikuwa linakaa kesho yake, Ijumaa.

"Pisheni," alisema Mama Kapinga. Alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na sahani ya chakula chake cha mchana, bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Alimega bukari kidogo, upande usio na mchuzi, akaifikicha kati ya vidole mpaka ikalainika, akaipaka kwenye ukingo wa bahasha kwa kidole gumba. "Shika hapa, Papa Sudi. Kaza. Muntu wa Maniema hajui kufunga kitu?"

"Najua. Ni kufungua njo kulinishinda."

Alikandamiza kwa kiganja mpaka bukari ikashika. Kisha akavaa koti lake, akageuza mifuko yote nje kuhakikisha hakuna karatasi iliyobaki ndani, akaenda kwa miguu mpaka kwenye agence, ofisi ya mabasi.

Kijana wa dirishani aliigeuza bahasha, akainusa. "Vieux, muzee wangu, ndani kuko chakula?"

"Kuko barua."

Kijana akaandika "barua" kwenye kitabu chake, akampa Sudi atie sahihi. Sudi alivaa miwani, akausoma mstari wote kwanza, neno kwa neno, na kwa sauti, huku wasafiri nyuma yake wakiguna. Ndipo akatia sahihi. Bahasha ikaingia kwenye mfuko wa turubai, mfuko ukafungwa kamba, ukarushwa juu ya basi, na saa saba na dakika sita, aliitazama saa, basi likang'oka kuelekea Kolwezi.